Mishale ya Guka na Wati Moja

Wasee, tangu nibadilishe meza ya kurekodia, kila video swali ni lile lile: hizo saa mbili hapo nyuma yako zenye taa ya manjano, mbona mishale yake inarukaruka muziki ukicheza? Si saa. Ni mita za sauti, na zimetoka kwa deki ya kaseti ya guka wangu. Leo nitawachapia zilifikaje hapo, kwa sababu naona nusu yenu mnataka za kwenu, na vile nawajua, mnaenda kuharibu vitu.

Lakini mwanzo si Guka. Mwanzo ni msimamizi wa ploti. Alikuja mlangoni Jumapili asubuhi, akakataa kuketi, akasema jirani wa chini amelalamika mara ya pili, na mara ya tatu hakutakuwa na mazungumzo, itakuwa notisi. Bedsita yangu nalipa elfu saba, maji ndani. Kama umewahi kutafuta keja ya bei hiyo Nairobi, isiyo na baa chini yake, unajua nilihisi nini tumboni.

Nilikuwa nimenunua amplifaya ndogo ya Kichina, kisanduku kimeandikwa wati 200, na spika mbili za mtumba. Mimi nakata video mchana kutwa, na sauti lazima niisikie poa. Nilikuwa najiambia sipigi kelele, niko tu kawaida. Shida ya "kawaida" ni kwamba masikio yanazoea. Unaanza saa tatu asubuhi ukiwa chini, kufikia saa nane mchana umeongeza mara tano na hata hujajua. Kwako bado ni kawaida. Kwa jirani, dari inatetemeka.

Na jirani mwenyewe ni nesi wa zamu ya usiku. Mchana wangu ndio usiku wake. Nimeishi juu yake miezi saba na hiyo sikuijua mpaka siku ya onyo. Hapo sina cha kujitetea.

Wiki hiyo nilienda Nyahururu kumwona Shosho. Alinituma stoo nitoe gunia la chakula cha kuku, na nyuma ya gunia ndio nikapata deki. Uso wa fedha uliofifia, vitufe vizito kama vya piano, na mita mbili zilizokaa kando kwa kando kama macho. Guka aliinunua miaka ya themanini akifanya kazi Nakuru. Shosho aliniambia jioni alikuwa anarekodi nyimbo kutoka kwa redio, wakati huo kituo bado kinaitwa Sauti ya Kenya, na watoto wote wanaambiwa wanyamaze, ingawa kurekodi kwenyewe kulikuwa kwa waya na hata wangepiga nduru kaseti isingesikia. Guka alikuwa anakodolea ile mishale kama mtu anayechunga maziwa yasichemke yakamwagika. "Alikuwa hata anaiongelesha," Shosho akasema. "Mmoja alikuwa anauita mvivu."

Kumbe alikuwa na sababu ya kukodoa. Ukirekodi kaseti sauti ikiwa chini sana, ile sss ya utepe inameza wimbo. Ikiwa juu sana, utepe unashiba na sauti inakwaruza. Kuna nafasi ndogo hapo katikati, na mshale ndio unakuonyesha uko wapi. Hakuna kurudia, maana wimbo wa redio ukipita umepita.

Nikamuuliza Shosho kama naweza kuichukua. Akafikiria sana. Akasema sawa, lakini kama inaweza kuimba tena, nisiikate.

Nataka mshike hilo sharti, kwa sababu ndilo lilinisumbua kuliko kazi ya waya. Nilipeleka deki kwa fundi mmoja mzee kwenye jengo moja pale Luthuli. Alifungua, akatikisa kichwa. Mikanda ya raba ilikuwa imeyeyuka ikawa kama lami, hiyo ni kawaida kwa deki za umri huo. Panya walikuwa wamekula waya. Transfoma ilikuwa imeungua. Nikamuuliza, mzee, hii imekufa? Akaniambia, "Kijana wangu, hakuna kitu hufa, ni pesa tu inakosekana." Akanihesabia: transfoma ya kutengenezwa upya, mikanda ya kuagizwa, kichwa cha kusoma utepe nacho kimelika, na kazi yake. Shilingi 6,500, bila ahadi kwamba itaimba.

Sikuwa nazo. Ningeweza kungoja? Pengine. Nilikaa na hiyo deki chini ya kitanda wiki tatu nikijidanganya nitapata. Halafu nikampigia Shosho nikamwambia ukweli, pesa na yote. Akasema, "Basi toa macho, mwili uache." Nilitoa mita mbili tu, na mwili wote bado ninao, umefungwa kwa kitambaa. Wengine mtaniambia hiyo ni kisingizio. Inawezekana.

Sasa, mita yenyewe. Ndani kuna sumaku na koili ya waya mwembamba kuliko unywele, imening'inia katikati ya ile sumaku. Umeme kidogo ukipita, koili inasukumwa na kugeuka, na mshale umeshikwa hapo. Kispringi chembamba kinaurudisha. Basi. Hakuna chipu, hakuna programu. Ya kwangu imeandikwa kutoka -20 hadi +5, na kuanzia 0 ni nyekundu.

Hizo herufi VU kwenye uso zinasimamia kipimo cha volumu. Mwaka wa 1939 huko Marekani, maabara ya Bell na vituo vikubwa vya redio vya CBS na NBC vilikubaliana kutumia mita ya aina moja. Kabla ya hapo kila mtu alikuwa na yake, na ile ya huku ikisema sauti iko sawa, ya kule inasema imezidi, na mafundi wanagombana kwenye simu. Walipatana hata juu ya mwendo wa mshale: sauti ikija ghafla, unachukua milisekunde 300 kufika mahali pake. Kwa makusudi uko polepole, ufuate jinsi sikio linavyosikia ukubwa, na si kila kipigo kidogo cha ngoma. Mita za deki za nyumbani kama ya Guka ni binamu maskini wa hizo, hazifuati sheria yote, lakini tabia ni ile ile.

Kosa la kwanza nusura nilifanye dakika ya kwanza. Nilitaka kujaribu mita kwa betri ya redio, volti 1.5, moja kwa moja. Fundi alinishika mkono. Koili yangu ni omu 650 hivi, na betri hiyo ingeipitishia umeme mara nane ya unaohitajika. Mshale ungepiga ukuta na kupinda, au koili iungue. Unaweka kwanza rezista ya kuzungusha ya kilo-omu 100, kisha unapunguza polepole ukiangalia. Mshale wangu ulifika mwisho kwa maikroampea 280. Hiyo ni kidogo sana, wasee. Taa ndogo ya LED ya miliampea kumi inakula zaidi ya mara thelathini ya hiyo.

Kosa la pili nililifanya. Sauti inayoenda kwa spika inaenda mbele na nyuma, na mita hizi zinataka umeme wa upande mmoja, kwa hivyo unaweka dayodi. Nikachukua dayodi nyeusi ya kawaida, ile iko kwa kila chaja. Mshale ukalala tu. Muziki unacheza, mshale umelala. Naongeza sauti, bado. Halafu ghafla unaruka hadi nusu. Niliporudi kwa fundi alicheka. Dayodi ya silikoni haifunguki mpaka ipate kama volti 0.6, na muziki wa kusikilizwa chumbani mara nyingi haufiki hapo. Akachomoa dayodi mbili za kioo kutoka kwa redio iliyokufa, za jemanium, zinazofunguka karibu na volti 0.3. Alikataa nilipe. Nilimnunulia chai na mandazi mawili.

Kosa la tatu liliniuma mfukoni. Kwenye deki ya Guka, waya hasi za mita mbili zilikuwa zimeunganishwa pamoja, na mimi nikaziacha hivyo hivyo. Kwa amplifaya nyingi za zamani hiyo ingekuwa sawa, kwa sababu hasi ya spika ya kushoto na ya kulia ni kitu kimoja. Hizi ndogo za kisasa si hivyo. Nyingi zinasukuma spika kutoka pande zote mbili, kwa hivyo ile terminali imeandikwa hasi kumbe nayo ina umeme wake. Nilipounganisha hasi ya kushoto na hasi ya kulia kupitia mita, nilikuwa nimezipiganisha. Nilisikia tap, nikanusa ile harufu, na 1,800 yangu ikaenda. Mita hazikuguswa. Kwa hivyo tafadhali, kama amplifaya yako ni ya aina hiyo, kila mita ikae peke yake, kati ya chanya na hasi ya spika yake, na zisishikane popote. Andika kwa mkono kama ni lazima.

Nililala na hasira siku mbili. Nikapata amplifaya nyingine kama ile kwa msee mmoja aliyekuwa anahama, kwa bei ya huruma. Nikafanya upya: dayodi, rezista ya kuzungusha ya kilo-omu 47, na kapasita ndogo kando ya mita ili mshale usitetemeke kama una homa. Balbu za zamani zilikuwa zimeungua, nikaweka LED za manjano zenye rezista zake. Kisanduku nilichongewa na fundi wa mbao wa mtaani kwa soo nne. Mshale wa kulia ulikuwa unachelewa kidogo. Nilifungua, nikapuliza, nikabadilisha kapasita, nikabadilishana waya na wa kushoto. Bado ulichelewa. Nikauacha.

Hapo sasa ndio nikafikia swali ambalo watu wengi wenye mita za mapambo hawajiulizi: 0 maana yake nini? Ukizungusha ile rezista, 0 inaweza kuwa mahali popote unapotaka. Kuna wasee wanaiweka mahali mshale unacheza vizuri kwenye video, wakamaliza. Mimi nilikuwa na notisi inanisubiri, nilitaka mita inayosema ukweli.

Nilichagua wati moja. Spika zangu ni za omu 8, na wati moja kwenye omu 8 ni volti 2.83. Unachukua simu, unapiga sauti ya hezi 100 isiyobadilika (programu za bure ziko nyingi), unaweka multimita kwenye terminali za spika upande wa AC, unaongeza hadi isome 2.83, halafu unazungusha rezista mpaka mshale ukae kwenye 0. Nilitumia hezi 100 kwa sababu multimita za bei rahisi husema ukweli kwa sauti za chini tu. Nilifanya hiyo kazi saa kumi na moja jioni, nesi akiwa ameamka, na bado ile ngurumo moja ilinitia aibu.

Baadaye nikaweka muziki, ule ule wa kila siku, volumu ile ile yangu ya "kawaida". Mishale ikagusa nyekundu. Yaani ile kelele iliyonileta karibu na notisi ilikuwa wati moja hivi. Moja. Kwenye amplifaya ya 200. Nilikaa kitandani nikicheka peke yangu. Tunanunua namba ambazo ukuta wa ploti hauwezi kubeba hata robo yake, halafu tunabishana kwa mbogi nani ana wati nyingi.

Jumamosi hiyo nilishuka kwa nesi. Nilibeba mkate na maziwa, kwa sababu mathe alinifunza usiende kuomba msamaha mikono mitupu. Nilimwambia, "Pole mama, sikujua unalala mchana. Nataka unisaidie kupima." Aliniangalia kama nimechanganyikiwa. Lakini binti yake wa miaka kama kumi na mbili alipenda hiyo mambo, akajifanya mjumbe. Nesi akaingia chumbani kwake, akafunga mlango, akalala kama analala. Mimi juu nikaweka wimbo wenye besi nzito, nikaanza chini, nikiongeza kidogo kidogo. Binti akipiga bomba na kijiko, nisimame.

Alipiga mshale ukiwa kwenye -7. Tukarudia mara tatu na nyimbo tofauti. Mara zote ni hapo karibu, isipokuwa wimbo mmoja ambao aliusikia mapema sana, kwa sababu besi yake ilikuwa inapita kwenye sakafu kama mgeni mwenye funguo. -7 ni kama sehemu moja ya tano ya wati. Hapo ndipo usingizi wa mtu unaishia. Binti akapanda na rangi ya kucha nyekundu akaweka nukta kwenye kioo cha mita zote mbili. Mkizoom mtaiona.

Wacha niwe mkweli kwa mambo mawili kabla mnirukie. Mita hii haipimi sauti ya chumba, inapima umeme unaoenda kwa spika. Ukibadilisha spika, ukisogeza kwa kona, hesabu inabadilika. Na chini ya -10 ya kwangu inadanganya kidogo, hata na dayodi ya jemanium. Lakini masikio yangu yalikuwa yanadanganya zaidi, na hayana nukta nyekundu. Nimeziweka baada ya kitufe cha volumu makusudi. Ukiziweka kabla, zitacheza vizuri hata volumu ikiwa sifuri, na hazitakwambia chochote kuhusu jirani.

Kitu ambacho sikutarajia ni vile zimebadilisha ninavyosikia nyimbo. Nikicheza nyimbo za Joseph Kamaru, zile Guka alikuwa nazo, mshale unapumua. Gitaa likiingia unapanda, sauti ikitua unashuka, unarudi karibu na -15, unapanda tena. Nikicheza nyimbo nyingi za siku hizi, na hizi ni nyimbo ninazozipenda, mshale unapanda mara moja na kugandia hapo, unatetemeka tu kama umekatazwa kutoka. Zimebanwa hivyo studioni ili ziwe na nguvu kwenye simu na kwa matatu. Hata mimi nilikuwa nabana sauti yangu hivyo hivyo kwenye video. Nimepunguza. Kuna mmoja wenu aliandika kwamba siku hizi naongea kama mtu amelala vizuri. Ni hiyo tu.

Sasa kuhusu nyinyi mnaotaka za kwenu. Tangu video hizi zianze nimeona watu wawili wakiuza mita "za deki orijino", na mmoja alionyesha deki ikiwa inacheza, mzima kabisa, kabla ya kuifungua. Msifanye hivyo. Deki inayoimba ina thamani kuliko macho yake mawili, na kuna mzee mahali ana kaseti hazina pa kuchezwa. Tafuta iliyokufa. Uliza mafundi, wana maboksi ya mizoga. Kama hakuna, mita mpya za Kichina zinauzwa, si mbaya, na hazina guka wa mtu ndani.

Msimamizi wa ploti hajarudi. Nesi sasa hunitumia ratiba yake ya zamu kila mwisho wa mwezi. Siku asipokuwepo, nukta nyekundu haihesabiki, na hiyo pia tulikubaliana.

Mwezi uliopita Shosho alikuja kliniki mjini, akalala kwangu siku moja. Sikumwambia kitu. Nilimpa chai, nikaweka Kamaru, chini ya nukta. Alinyamaza wimbo wote akiangalia kile kisanduku, kikombe kimekaa mkononi hakinyweki. Wimbo ulipoisha akaweka kikombe chini.

"Huo wa kulia," akasema, "bado ni mvivu."